Nani Ashike Kipimo? Mjadala wa Grafini na Udongo wa Lushoto

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha kilimo mseto chenye makao makuu Nairobi, walichagua eneo la kilomita 10 kwa 10 wilayani Lushoto, Usambara Magharibi. Waligawa eneo hilo mafungu 16, na kila fungu likawa na viwanja 10 vya kuchukulia sampuli. Udongo uliochotwa humo ulikaushwa, ukasagwa, kisha ukamulikwa kwa miale ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho ila ngozi huihisi kama joto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Udongo wa mashamba yanayolimwa ulikutwa na kaboni kidogo kuliko ule wa ardhi ambayo bado ina uoto wake. Kaboni hiyo imo ndani ya mboji, nayo mboji ndiyo inayoshika maji pale mteremko unapoanza kukauka.

Ndani ya mashine inayosoma miale kuna kipande kidogo kiitwacho kitambuzi. Miale ikikigonga, hutoa umeme mdogo sana, na umeme huo ndio unaogeuzwa kuwa namba. Kwa zaidi ya nusu karne vitambuzi vinavyosifika vimetengenezwa kwa mchanganyiko wa zebaki, kadimi na teluri, uliotangazwa na wanasayansi wa Uingereza mwaka 1959. Kasoro yake kubwa ni kwamba hutaka baridi kali. Katika maabara hupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Siku hizi wanafizikia wanasema grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja, unaweza kuona miale hiyo bila kupozwa. Jambo hilo linaihusu Lushoto au haliihusu?

Mjadala huu nimeutunga mwenyewe. Wasemaji ni wanne, nao wanatambulika kwa kazi zao tu: mwalimu wa fizikia wa sekondari, bwana misitu wa upande wa Magamba, mama anayelima viazi na kabichi Mlalo, na mpwa wake, kijana aliyemaliza shahada ya jiolojia. Mambo wanayoyabishania ni ya kweli, na hukumu yangu nimeiweka mwishoni.

KIJANA: Shikamooni wote. Naomba nianze na mwamba, maana ndiyo fani yangu. Nchi hii ina kinywe kingi. Kipo Mahenge, kipo Ruangwa, na kule Merelani kinachimbwa jirani kabisa na tanzanite. Kinywe ni kaboni iliyojipanga matabaka kwa matabaka. Mwaka 2004, pale Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walibandua kinywe kwa selotepu mpaka wakabaki na tabaka moja tu. Hiyo ndiyo grafini, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel. Sasa nauliza: malighafi ni yetu, tena hata miamba ya Usambara hii imo katika mkanda uleule wa miamba ya kale, Mkanda wa Msumbiji. Kwa nini tuuze mawe halafu tununue vitambuzi? Mwaka 2017 tuligombana na dunia kwa ajili ya makinikia, ule mchanga wenye madini uliokuwa ukisafirishwa nje ghafi. Hili nalo ni makinikia mengine.

MWALIMU: Marahaba. Hasira yako naielewa, ila umeielekeza pasipo. Mita moja ya mraba ya grafini ina uzito wa miligramu 0.77. Piga hesabu mwenyewe: kilo moja inafunika hekta 130 hivi, zaidi ya eka 300. Kitambuzi chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mtama. Mfuko mmoja wa kinywe ungetengeneza vitambuzi vya dunia nzima na ungebaki. Sasa hapo soko la mawe liko wapi?

KIJANA: Hata kama ni kidogo, kitoke kwetu.

MWALIMU: Hakitoki kwenye kinywe. Selotepu ni ya majaribio. Grafini ya kutengenezea vifaa, sehemu kubwa huoteshwa kutokana na gesi ya methani, juu ya karatasi ya shaba, ndani ya tanuri lenye joto la nyuzi 1,000 hivi. Njia hiyo imeenea tangu 2009. Kinywe cha Mahenge kina soko lake halali, betri za magari ya umeme, na huko ndiko uongezaji thamani upiganiwe: kisafishwe hapahapa, kisiondoke ghafi. Ukichanganya mambo hayo mawili, utawaahidi watu wa Mahenge kitu ambacho hakitakuja.

KIJANA: Methani nayo tunayo. Songo Songo inatoa gesi tangu 2004.

MWALIMU: Gesi si shida kwa mtu yeyote. Shida ni tanuri, chumba kisicho na vumbi, na mtu aliyefundishwa miaka kumi kutazama utando ule bila kuuchana. Hayo ndiyo hatuna, na hayachimbwi ardhini.

MAMA: Samahanini, wanangu. Mimi nimeacha viazi shambani. Mmeongea mawe, mmeongea gesi, na huyu mpwa wangu ameongea Nobel. Udongo wangu je? Hicho kidude kinauona nini?

MWALIMU: Nisamehe, mama, ilitakiwa nianze hapo. Mwaka 1800 William Herschel alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo kinachoutawanya rangi, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo macho hayaoni kitu. Kikapanda. Hiyo ndiyo infraredi. Kila kilicho na joto huitoa. Mwili wako huitoa kwa wingi kwenye urefu wa wimbi wa mikromita 9 na ushee. Udongo nao, ukiumulika, hunyonya baadhi ya mawimbi na kurudisha mengine. Mfinyanzi hunyonya karibu na mikromita 2.7, mboji karibu na 3.4, na mchanga una mahali pake. Mashine inatazama ni mawimbi gani yamepungua, halafu inakisia kilichomo. Sekunde chache tu, bila tindikali wala chupa za kemikali.

MAMA: Inakisia?

MWALIMU: Ndiyo, inakisia, kwa kulinganisha na sampuli nyingine zilizokwisha kupimwa kwa kemia. Hapo nitaparudia, kwa sababu naona ndipo penye uzito wote.

BWANA MISITU: Kabla hujaparudia, Mwalimu, eleza kwanza hiyo grafini inazidi nini. Sisi kazini tumekwisha kuletewa vifaa vingi vya sifa.

MWALIMU: Haki yako. Sifa ya grafini ni kwamba haichagui rangi. Vitambuzi vya kawaida vina kizingiti: mwale usio na nguvu ya kutosha hauwezi kuirusha elektroni, basi unapita bure. Grafini haina kizingiti hicho, kwa hiyo inapokea tangu mwanga wa kawaida hadi infraredi ya mbali. Tena ina kasi ajabu. Watafiti wa IBM walionyesha mwaka 2009 kwamba inafuata mabadiliko ya mwanga makumi ya mabilioni kwa sekunde moja. Ila kasoro zake nitazisema waziwazi. Tabaka moja hunyonya asilimia 2.3 tu ya mwanga unaoliangukia. Ni sawa na kukinga mvua kwa ungo. Matone machache hubaki, mengine yote chini. Elektroni iliyoruka hurudi mahali pake upesi mno, kabla hujaikamata. Na kule kukosa kizingiti kunafanya umeme upite hata gizani, kwa hiyo ishara ndogo inafunikwa na kelele.

KIJANA: Lakini wamepata dawa yake, si kweli?

MWALIMU: Wamepata kiasi. Mwaka 2012, taasisi ya ICFO karibu na Barcelona iliweka juu ya grafini chembechembe za sulfidi ya risasi, ndogo mno, ziitwazo nukta za kwanta. Chembe zinanyonya mwanga, grafini inabeba umeme, na kwa kila chembe ya mwanga inayonaswa hupita elektroni milioni mia moja hivi. Mwaka 2017 watu haohao wakatengeneza kamera ya nukta 388 kwa 288 juu ya chipu ya silikoni. Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan, mwaka 2014 walitumia tabaka mbili za grafini zilizotengwa na kizuizi chembamba, wakaona infraredi bila kupoza. Hayo yametendeka na yameandikwa. Lakini kamera ya 2017 inaona hadi mikromita 2 hivi. Mawimbi marefu yanayosoma udongo vizuri zaidi, kazi yake ingali mezani mwa watafiti.

BWANA MISITU: Ahsante kwa ukweli huo. Sasa na mimi niseme wa kwangu. Kule Magamba tunalinda mti wa mkulo usikatwe usiku. Kifaa cha infraredi hakikuanza leo msituni. Kamera za mtego zina kitambuzi kidogo cha bei rahisi kinachoshtuka mwili wenye joto ukipita. Mwaka 2005 kule Udzungwa kamera hizo zilimpiga picha sange mkubwa ambaye sayansi ilikuwa haimjui. Mwaka 2008 akapewa jina. Hakukuwa na grafini wala naitrojeni, palikuwa na betri tu na subira. Moto wa msitu nao unaonekana kwa satelaiti. Ile Terra imekuwa angani tangu 1999, na taarifa zake za moto hutolewa bure. Kinachotushinda sisi ni mawingu juu na ukungu chini. Ukungu wa Usambara una matone ambayo hutawanya infraredi kama yanavyotawanya mwanga. Kitambuzi kiwe cha grafini au cha dhahabu, ukungu haujali.

KIJANA: Basi tuongeze idadi ya wanyama tunaowajua.

BWANA MISITU: Wanyama gani, kijana? Fahari ya milima hii ni vinyonga, vyura, konokono. Kinyonga wa pembe mbili wa Usambara ana joto lilelile la jani alilokalia. Kamera ya joto inampita bila habari. Anayemwona ni mtu mwenye tochi anayetembea taratibu. Nikipewa fedha leo nitanunua mafuta ya pikipiki na buti za askari wangu, na sitaona haya kulisema hilo mbele ya profesa yeyote. Tena kuna jambo jingine. Kamera nzuri za joto huhesabiwa karibu na silaha. Nchi zinazozitengeneza huweka masharti ya kuziuza nje. Ndiyo maana nyingi za kiraia hufungwa zisipige picha zaidi ya 9 kwa sekunde. Grafini ikifaulu, nayo itatiwa kwenye orodha hizo. Tutangoja ruhusa ya mtu.

MWALIMU: Kwa msitu nakubali, umenishinda. Kwa udongo bado.

MAMA: Kwa udongo mimi ndiye nizungumze. Marehemu babu yangu alilima Mlalo wakati wa Mwingereza. Miaka ya 1940 walikuja na vipimo vyao, wakaanza mpango wao Mlalo, baadaye wakauita Mpango wa Usambara. Walipima miteremko, wakasema udongo unakwenda na maji, na hilo lilikuwa kweli. Halafu wakaamuru kila mtu achimbe matuta kama walivyotaka wao, na asiyechimba akashtakiwa. Kazi ikaangukia wanawake. Watu wakaugomea na ukavunjika kabla ya Uhuru. Sasa nieleweni vizuri: wale wazungu hawakukosea kipimo. Walichokosea ni kumpima mtu bila kumwuliza, na kumpa amri mahali pa majibu. Leo tunapanda majani ya guatemala kwenye kontua kwa hiari yetu, kwa sababu ng'ombe wanakula na udongo unakaa.

KIJANA: Shangazi, hii ni tofauti. Hii ni sayansi.

MAMA: Hata ile ilikuwa sayansi, mwanangu. Mwalimu, nijibu hili. Shida ya mashamba yetu, mabwana shamba wote wanasema, ni tindikali na upungufu wa fosforasi. Kidude chako kinaiona fosforasi?

MWALIMU: Vibaya. Kinaona mboji na mfinyanzi vizuri sana, na tindikali kwa kiasi cha kuridhisha. Fosforasi ambayo mmea unaweza kuitumia haina alama yake ya wazi kwenye infraredi. Inakisiwa kwa kupitia vitu vingine, na makisio yake hayategemeki. Potasiamu nayo hivyohivyo. Atakayekuuzia mashine ya infraredi kwa kukuambia itakupa kiasi cha mbolea ya Minjingu cha kununua, mwulize maswali mengi kabla hujatoa shilingi.

BWANA MISITU: Basi tumemaliza. Maabara ya kemia ipo. TARI Mlingano, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, iko Muheza, chini ya Usambara Mashariki, na udongo ndiyo kazi yake. Peleka sampuli huko.

MWALIMU: Hatujamaliza, Bwana Misitu. Shamba la mama lina sehemu ngapi? Juu kuna changarawe, katikati kuna udongo mwekundu, bondeni kuna mweusi. Kemia ya sampuli moja ni ghali na huchukua muda, kwa hiyo anapeleka moja, inachanganywa, na jibu linakuwa la shamba ambalo halipo. Kwenye milima, hatua hamsini ni udongo mwingine kabisa. Hapa ndipo kipimo rahisi kisicho sahihi sana kinapokishinda kipimo kimoja sahihi, kwa sababu kinaweza kurudiwa mara mia. Wale wa Nairobi waliweza kusoma eneo la kilomita 100 za mraba kwa sababu infraredi ni nyepesi. Wangetegemea kemia peke yake wangechoka mapema.

KIJANA: Na mashine yao ndiyo inayotaka naitrojeni?

MWALIMU: Mashine kubwa ya maabara ile, ndiyo. Na tuwe wakweli hapa pia: vipo tayari vitambuzi visivyotaka baridi, vya kizazi cha zamani, na mashine zake zinakaa juu ya meza ya ofisi ya kata. Ni vya polepole zaidi. Grafini ikifika kwenye mawimbi marefu, itatupa kasi ya kitambuzi cha baridi na uhuru wa kile kisichotaka baridi. Lakini udongo utabaki kuhitaji kukaushwa, maana maji hunyonya infraredi kwa nguvu na kuficha kila kitu. Mwezi wa Aprili huku Lushoto, kukausha udongo ni kazi yenyewe.

MAMA: Sasa lile ulilosema utalirudia.

MWALIMU: Ndilo hili. Mashine yoyote ya infraredi ni mjinga mpaka ifundishwe. Inafundishwa kwa mamia ya sampuli ambazo zimepimwa pande zote mbili, kwa miale na kwa kemia. Wataalamu huuita mkusanyiko huo maktaba. Maktaba ya udongo wa Ulaya haitafsiri udongo wa Mlalo. Hata ya Morogoro inapotoka ikifika hapa. Atakayekuwa na maktaba ya Usambara ndiye atakayeweza kutumia kitambuzi chochote kitakachokuja, cha zebaki, cha grafini, au cha kitu ambacho bado hakijabuniwa. Asiyekuwa nayo atanunua mashine na majibu pamoja.

KIJANA: Kwa hiyo malighafi yetu si kinywe.

MWALIMU: Kwa jambo hili, ni sampuli na rekodi zake.

BWANA MISITU: Hilo nalikubali. Tena msitu utaingia humo. Bila udongo wa Magamba usioguswa jembe, utajuaje shamba limepoteza kiasi gani? Nitawachotea mwenyewe.

MAMA: Mimi nitakubali kuchotewa, kwa sharti. Nijue unakwenda wapi, na majibu yarudi mikononi mwangu, yameandikwa kwa lugha ninayoisoma. Nikiambiwa tu "tumeshukuru kwa ushirikiano", sifungui mlango tena.

KIJANA: Na wakitaka kuyauza majibu hayo kwa kampuni za mbolea?

MAMA: Waje waniulize. Nipo.

Hapo nawasimamisha nitoe hukumu yangu. Kijana ana haki ya kuona uchungu kuhusu madini ghafi, lakini kwenye kitambuzi cha grafini kinywe chetu hakina turufu, na kumwambia mwananchi vinginevyo ni kumdanganya. Bwana Misitu yuko sahihi kuhusu ukungu na vinyonga. Fedha za ulinzi wa misitu zisitolewe kwenye pikipiki zikapelekwa kwenye vifaa vya kuonyesha wageni. Mwalimu ameshinda kwa hoja ya maktaba. Lakini aliyeugusa mzizi ni Mama, kwa kumbukumbu ya Mlalo. Udongo wa milima hii umepimwa mara nyingi, na mara nyingi aliyepimiwa hakuwa miongoni mwa walioyasoma majibu.

Grafini inaweza kufika sokoni baada ya miaka mitano au ishirini. Kazi ya kuipokea haina sababu ya kuisubiri. Tunahitaji makabati, chupa zenye namba, tanuri la kukaushia, mwanakemia, daftari, na uamuzi. Ninaiomba Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto na TARI Mlingano wakubaliane juu ya kanuni moja: kila udongo unaochotwa Usambara na mtafiti yeyote, wa ndani au wa nje, ugawanywe. Fungu moja liende maabara anayoitaka, fungu la pili libaki mkoani Tanga pamoja na majibu yake yote, na nakala ya majibu hayo, kwa Kiswahili, apewe mwenye shamba kabla ya kuchapishwa popote. Shule za sekondari zenye maabara zikaushe na kusaga sampuli za kata zao; wanafunzi watajifunza fizikia na kemia kwa udongo wanaoukanyaga.

Nawe msomaji, kama shamba lako liliwahi kuchotwa udongo na watu waliokuja na gari, wakaandika namba yako ya simu wakaondoka, andika barua kwa ofisi ya kata uulize majibu yako yako wapi.